Lingwistike ku iniversite: kwa nini mwanafunzi mmoja anaipenda na mwenzake anaikimbia?

Kila mwaka, matokeo ya diplome ya serikali yakisha kutoka, vijana wa Lulimba, Misisi, Lubichako na vijiji vingine vya sekta ya Ngandja wanafunga mizigo. Mmoja anaelekea Baraka, mwingine Uvira, mwingine Bukavu ao Kalemie, na mwenye ndugu wa kumpokea anafika mpaka Lubumbashi. Kati yao kuna wale wanaojiandikisha mu idara ya lugha: Kifaransa, Kiingereza ao lugha za Kiafrika. Mwaka ule wa kwanza wanakutana na somo ambalo hawakulisikia hata siku moja ku sekondere. Somo lenyewe linaitwa lingwistike. Kwa Kiswahili sanifu ni isimu.

Wakirudi likizo, habari wanazoleta hazifanani. Kuna anayesema lingwistike imemfungua macho, kwamba sasa anasikia maneno ya bibi yake kwa sikio jipya. Na kuna anayesema ile ni somo la kuteswa tu: alama za ajabu, miti inayochorwa kichwa chini, majina ya wazungu waliokufa zamani, na mwisho wake sesio ya pili. Wote wawili wanaweza kuwa walikaa mu oditwari moja, wakalipa minervali ile ile.

Hii si habari ya kuchekesha tu. Mzazi aliyeuza mbuzi, muhogo ao gramu za dhahabu ili mtoto asome ana haki ya kujua mtoto anasoma nini. Na sisi wakaaji wa Fizi tuna sababu nyingine ya kuuliza: kama vijana wetu wanalikimbia somo hili, nani kesho ataandika Kibembe, nani atatengeneza vitabu vya Kiswahili vya mwaka wa kwanza wa primere? Tuone pole pole somo lenyewe ni nini, kwa nini linawauma wengine, na kwa nini wengine linawafurahisha.

Lingwistike ni nini hasa?

Wengi wanaingia na wazo kwamba lingwistike ni kujifunza kusema lugha. Hapo ndipo shida ya kwanza inapoanza. Mtu amejiandikisha mu Kiingereza kwa sababu anataka kusema Kiingereza vizuri, apate kazi kwa mashirika. Anafika, anakuta profesa hamfundishi kusema. Anamfundisha kuuliza lugha inafanya kazi namna gani.

Tuseme hivi: dereva wa pikipiki anajua kuendesha. Fundi wa pikipiki anajua nini iko ndani ya motere. Siye wote ni madereva wa lugha zetu. Lingwistike ni kazi ya fundi.

Fundi huyo anafungua lugha kwa sehemu. Fonetiki inaangalia sauti zinatokaje mu kinywa: midomo, ulimi, pua, koo. Fonolojia inaangalia sauti gani zinabadilisha maana. Mofolojia inakata neno vipande vipande. Sintaksi inaangalia maneno yanapangana namna gani mu sentensi. Semantiki inaangalia maana. Kisha kuna sehemu inayoangalia lugha mu maisha ya watu: nani anasema nini, wapi, na kwa nini anabadilisha lugha akifika sokoni ao kanisani.

Chukua mfano mudogo. «Kura» na «kula». Tofauti ni sauti moja tu, r na l, na maana inageuka kabisa: moja ni ya uchaguzi, nyingine ni ya tumbo. Hapo fonolojia inasema: mu Kiswahili sanifu, r na l ni sauti mbili zinazotenganisha maneno. Lakini hapa kwetu watu wengi wanazichanganya, na bado tunasikilizana, kwa sababu sentensi yenyewe inatuonyesha ni neno gani. Mwanafunzi aliyeelewa mfano huu ameelewa sehemu kubwa ya sura ya kwanza ya fonolojia, hata kama bado hajajua neno «fonimu».

Pale somo linapouma

Basi kwa nini linauma? Sababu ziko kadhaa, na nyingi hazitoki mu kichwa cha mwanafunzi.

Ya kwanza ni lugha ya kufundishia. Mtoto wa Lulimba amekua na Kibembe, Kibuyu, Kibangubangu ao Kifuliiru nyumbani, na Kiswahili mu njia. Kifaransa amekipata shuleni. Sasa anafundishwa kwa Kifaransa somo ambalo maneno yake yenyewe ni magumu hata kwa Mfaransa. Anabeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja: kuelewa sentensi ya profesa, kisha kuelewa wazo. Wengi wanachoka ku mzigo wa kwanza, wazo hawalifikii.

Ya pili ni mifano. Mara nyingi mifano ya silabusi inatoka mu Kifaransa ao Kiingereza. Mwanafunzi anaambiwa asikilize tofauti ya vokali mbili za Kifaransa ambazo sikio lake halijawahi kuzitenganisha. Anakariri kwamba ziko tofauti, bila kuzisikia. Ni kama kufundishwa ladha ya samaki kwa mtu ambaye hajawahi kuila.

Ya tatu ni silabusi yenyewe. Vitabu ni vichache, na mara nyingi ile karatasi ya kununua ndiyo kitabu chote. Asiyekuwa na pesa ya kuinunua anakopi kwa mwenzake usiku. Ndani yake kuna alama za alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, ile iliyotengenezwa na shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1886. Alama hizo ziliumbwa ili ziwakilishe sauti. Mwanafunzi akizipokea ku karatasi pasipo kusikia sauti, zinabaki michoro tu.

Ya nne ni wingi wa watu. Mu oditwari yenye wanafunzi wengi, kazi ya mazoezi inapungua. Na lingwistike ni somo la mazoezi, kama hesabu. Ukisoma majibu ya hesabu bila kuzifanya, siku ya mtihani kalamu inakauka. Hivyo hivyo lingwistike.

Ya tano ni swali ambalo wazazi wanauliza kila siku: itakupa kazi gani? Tutarudi ku swali hili, kwa sababu linastahili jibu la kweli.

Hapa kuna jambo moja la kufariji wale wanaoona aibu kwa sababu wanasoma kwa kukopi notisi za wenzao. Jina la kwanza wanalokutana nalo mu somo hili ni Ferdinand de Saussure, profesa wa Geneva, inchi ya Uswisi. Alitoa kozi ya lingwistike ya jumla mara tatu kati ya 1907 na 1911. Akafa mwaka 1913 bila kuichapisha. Kitabu maarufu chenye jina lake kilitoka 1916, na kilitengenezwa na wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, kutokana na madaftari ya wanafunzi. Wenyewe hawakukaa mu kozi hizo. Kwa maneno mengine, kitabu kinachohesabiwa kuwa mlango wa lingwistike ya kisasa kilitoka mu notisi za wanafunzi. Daftari lako likiandikwa kwa akili si kitu kidogo.

«Ba» ya batoto: siku somo linapofika nyumbani

Sasa tuangalie upande wa pili. Wanafunzi wanaolipenda somo hili, ukiwasikiliza vizuri, mara nyingi wanataja siku moja iliyogeuza mambo. Ni siku profesa ao asista alipoacha mifano ya mbali, akaandika ku ubao sentensi ya kwetu.

Tufanye zoezi hilo hapa. Mutu wa Dar es Salaam anasema: «Watoto wanasoma.» Siye tunasema: «Batoto banasoma.» Yeye anasema: «Vitabu vyangu vyote.» Siye: «Bitabu byangu byote.» Tangu utoto tumeambiwa kwamba hiyo ni Kiswahili kibovu, Kiswahili cha kuharibika. Ku shule nyingine mtoto alichekwa, ao alivalishwa alama ya aibu akikutwa anasema lugha ya nyumbani.

Mtu wa lingwistike haanzi kwa kucheka. Anaangalia. Jambo la kwanza analoliona ni kwamba hatukosei kwa bahati. Pahali pa «wa» ya watu tunaweka «ba» mwanzo wa jina na mwanzo wa kitendo pia. Pahali pa «vi» tunaweka «bi», na inafuata mpaka «byangu byote». Kosa la bahati halina mpango, lakini hii ina mpango. Kitu chenye mpango mu lugha kinaitwa kanuni.

Jambo la pili ni la kushangaza zaidi. Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu, kutoka Kameruni mpaka Afrika Kusini, wanakubaliana kwamba umbo la zamani la kiambishi cha watu wengi lilikuwa «ba», na la vitu vingi lilikuwa «bi». Kiswahili cha pwani ndicho kilichobadilisha, kikaweka «wa» na «vi». Lugha za jirani zetu hapa, Kibembe ikiwa mojawapo, zilibaki na «ba»: mwana mmoja, bana wengi. Kiswahili kilipofika huku mu karne ya 19 pamoja na misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji kwenda Maniema, watu wa huku walikipokea na kukivalisha nguo za lugha zao. Kwa hiyo «ba» yetu haikutoka mu uvivu wa mdomo. Imetoka mu lugha za wazee wetu, na wazee hao walikuwa wametunza umbo la kale.

Hata jina Bantu lenyewe linabeba «ba» hiyo. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyelieneza jina hili mu vitabu vyake vya karne ya 19, alilichukua ku neno la watu lenye kiambishi «ba».

Mfano mwingine. «Anasoma» na «anasomaka». Kila mtu wa Lulimba anajua tofauti, hata mtoto wa miaka mitano. Wa kwanza anasoma sasa hivi. Wa pili ana desturi ya kusoma. Kiswahili sanifu kinatumia njia nyingine, kinasema «husoma». Siye tumetia «ak» ndani ya kitendo, kama zinavyofanya lugha nyingi za Kibantu za huku. Ukikata neno kwa kisu cha mofolojia unapata: a-na-som-ak-a. Vipande vitano, kila kimoja na kazi yake. Mwanafunzi aliyekata neno hili mwenyewe hatasahau tena mofimu ni nini.

Tuseme ukweli wote lakini. Lingwistike haisemi kwamba Kiswahili sanifu hakina maana. Siku ya mtihani wa serikali, ku barua ya kuomba kazi, ku kitabu cha shule, umbo sanifu ndilo linalokubaliwa na inchi nyingi, na mtoto ana haki ya kulijua. Somo linasema kitu kimoja tu: kuwa tofauti si kuwa mbovu. Mwalimu anayejua hilo atamfundisha mtoto «watoto wanasoma» bila kumfanya aone haya juu ya mama yake anayesema «batoto banasoma».

Tuingie mu Kibembe

Wenye kusoma majina ya koo za Babembe wamekwisha kuona kwamba yanaandikwa kwa namna mbili. Utakuta Basikalangwa na Basi'alangwa. Utakuta Basikasingo na Basi'asingo. Pale namna moja inaandika k, nyingine inaweka kialama kidogo (') tu. Angalia na jina la lugha: Kiswahili kinasema Kibembe, na wenyewe wanasema Ebembe ao Ibembe. Hapo pia k ya mwanzo haipo.

Mtu wa kawaida anapita. Mtu wa lingwistike anasimama na kuuliza: je, sauti hii ilipotea kila pahali ao pahali pengine tu? Wazee wa Mutambala na wazee wa Ngandja wanaitamka sawa? Kile kialama kina sauti yake mu koo, ao ni ukumbusho tu ku karatasi? Na tukiandika kitabu cha watoto, tuchague maandishi gani ili mtoto asichanganyikiwe? Maswali haya si mchezo. Kila anayeandika Kibembe, awe mtafsiri wa kanisa, mwandishi wa nyimbo ao mtangazaji wa redio, anakutana nayo.

Kuna na toni. Kiswahili hakina toni: kinatia uzito ku silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kibembe ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya lugha yenyewe. Sasa fikiri mwanafunzi anayekaa mu kozi ya toni na hajui kwamba yeye mwenyewe ameibeba tangu kuzaliwa. Profesa anatafuta mifano ya mbali, na mfano uko mu benchi ya tatu.

Wageni wameligundua hilo. Mu orodha ya lugha za Kibantu iliyopangwa na Mwingereza Malcolm Guthrie, Kibembe kina namba yake, D54, na Kiswahili kina G42. Mwaka 2015, ku Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, David Iorio alimaliza tasnifu ya udaktari juu ya namna kitendo cha Kibembe kinavyobeba alama za mtendaji na za mtendewa. Si jambo la kusikitikia. Lakini linatuuliza swali: mtu wa mbali anapata doktora juu ya Kibembe, na mtoto wa Fizi anapata eshek mu lingwistike kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anayo mali nyumbani?

Congo haikuanza leo

Wengine watasema haya ni mawazo mapya. Hapana. Inchi yetu ina historia ndefu mu kazi hii, na Kiswahili cha Congo kimeandikiwa vitabu.

Lubumbashi iliongoza. Iniversite ya kule ilianza 1955, wakati wa ukoloni, na Mbelgiji Edgar Polomé aliyefundisha pale akaandika juu ya Kiswahili cha mji ule mu miaka ya 1960. Baada ya serikali kuunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA mwaka 1971, kitivo cha lugha kiliwekwa Lubumbashi, na mwaka ule ule kikaanzishwa kituo cha lingwistike kinachoitwa CELTA. Miaka hiyo profesa Johannes Fabian alifundisha pale, na baadaye akaandika kitabu, 1986, juu ya namna wakoloni walivyotumia Kiswahili kutawala Katanga. Mwaka 1990 akatoa kingine juu ya maandishi ya André Yav, ambayo yaliandikwa 1965 kwa Kiswahili cha Congo ili kueleza historia ya mji kwa macho ya wafanyakazi wa nyumbani wa wazungu. Kiswahili kile kile kilichoitwa kibovu kilikuwa kimebeba historia ambayo vitabu vya Kifaransa havikuiandika.

Kwetu Kivu pia. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts alichapisha makala juu ya Indubile, lugha ya vijana wa Bukavu yenye mwili wa Kiswahili na maneno ya Lingala na Kifaransa. Na mwaka 2016 Nico Nassenstein pamoja na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu cha sarufi na hadithi za Kiswahili cha Kivu. Ndani ya kazi za namna hii, sentensi kama zile za sokoni kwetu zinaangaliwa kwa heshima, kipande kwa kipande.

Mwanafunzi anayelalamika kwamba lingwistike ni ya Ufaransa na Uswisi tu hajaonyeshwa rafu hii ya vitabu. Na hiyo si kosa lake peke yake.

Ng'ambo ya ziwa wanafanya namna gani?

Hapo ng'ambo, Tanzania, hali ni nyingine. Ku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam masomo ya isimu ya Kiswahili yanafundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Taasisi yao ya uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilianza 1964, na mwaka 2009 iliunganishwa na idara ya Kiswahili kuwa TATAKI. Walitoa kamusi ya maneno ya isimu mwaka 1990. David Massamba na wenzake waliandika sarufi kubwa ya Kiswahili, na R. S. Mgullu alitoa kitabu cha fonetiki, fonolojia na mofolojia ya Kiswahili mwaka 1999.

Faida yake kwetu ni wazi: mwanafunzi wa Fizi aliyekwama mu silabusi ya Kifaransa anaweza kusoma wazo lile lile kwa Kiswahili, akalielewa, kisha akarudi ku Kifaransa chake. Wale waliokulia ku kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, tangu 1996, wana nafasi ya pekee hapa. Kiswahili sanifu wanakisikia vizuri. Programu ya shule za Wakongomani mule kambini ilikuwa ya Congo, kwa Kifaransa, lakini maisha ya kila siku yaliwapa sikio la Kiswahili cha ng'ambo. Wakikaa na wenzao ambao hawakuondoka, kundi zima linasaidiana: mmoja analeta Kiswahili sanifu, mwingine Kifaransa, mwingine Kibembe cha ndani kabisa.

Lakini tusidanganyane. Hata wanafunzi wa ng'ambo wanalalamika. Maneno kama fonolojia na sintaksia hayakuwa rahisi eti kwa sababu yameandikwa kwa herufi za Kiswahili. Lugha ya kufundishia inapunguza mzigo mmoja. Mazoezi yanabaki.

Faida iko wapi?

Sasa turudi ku swali la mzazi. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 1, inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu namba 14/004 ya 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Maana yake, mtoto wa miaka ya kwanza ya primere aanze kusoma kwa lugha anayoisikia. Ili sheria hii itembee, inahitaji walimu wanaojua lugha ya mtoto iko namna gani. Mwalimu aliyesoma lingwistike anajua kwa nini mtoto anaandika «kula» pahali pa «kura», na anajua namna ya kumsaidia bila fimbo.

Kuna kazi nyingine: kutafsiri matangazo ya afya ili mama wa kijijini aelewe mara moja, kutafsiri Biblia, kufasiri mbele ya tribinali, kuandika na kusoma habari ku redio. Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, tangazo lililotafsiriwa vibaya linaweza kuleta uvumi na hatari. Hapo mtu anayejua kuchagua neno anaokoa watu.

Na upande wa giza tuuseme pia. Diploma ya lugha haimpi mtu kazi yenyewe. Walimu wengi wa jimbo letu wangali wanaitwa N.U., maana yake wanafundisha na majina yao hayajaingia mu orodha ya malipo ya serikali. Kijana anayechagua somo hili achague akijua hilo. Asidanganywe, na asikatazwe.

Kwa mwanafunzi na kwa mzazi

Kwako mwanafunzi. Kabla ya kujiandikisha, uliza wakubwa wa promosio iliyotangulia masomo ya mwaka wa kwanza ni gani. Kama unatafuta tu kusema Kiingereza, ujue mapema kwamba somo hili litakuomba kitu kingine.

Ukisha kuingia, usiikariri fasili pekee. Kila wazo jipya, litafutie mfano mu lugha yako siku ile ile. Profesa akisema mofimu, kata neno la Kibembe. Akisema toni, pigia mjomba simu, umwombe atamke maneno mawili yanayofanana, urekodi ku simu. Alama za fonetiki zisome kwa sauti, wawili wawili, mpaka kinywa kizijue. Mukuwe kundi la wanafunzi wanne ao watano wenye lugha tofauti: ku sehemu zetu, ambako machimbo ya dhahabu yameleta watu wa kila kabila, kundi kama hilo halikosi. Na ukifika ku kazi ya mwisho, kabla ya kuchagua kitu cha mbali, fikiri kwanza juu ya majina ya vijiji vya Ngandja, maneno ya wavuvi wa Baraka, lugha ya wachimbaji wa Misisi. Hayo wewe ndiye mtaalamu wake wa kwanza.

Kwako mzazi. Mtoto akirudi likizo na kuanza kukuuliza maneno ya zamani, usimwambie anapoteza wakati. Mjibu. Mpeleke kwa bibi. Maneno ya kulima, ya uvuvi, ya mimea ya dawa, ya kuposa, yanaondoka pamoja na wazee, na mtoto aliye na daftari ndiye anaweza kuyashika. Kama amepata eshek, muulize kwanza alifundishwa kwa mifano gani, kabla ya kusema hana akili.

Na kwa walimu wa vyuo vyetu, ombi ni moja tu: muandike ku ubao sentensi moja ya kwetu ku kila somo. Haiongezi franga hata moja ku minervali, na ule wa benchi ya tatu atainua kichwa.